Wifi Yangu Alileta Mradi wa Watoto, Nikabaki Bila Shamba

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na sita. Ni mjane, mama wa binti mmoja anayeitwa Hadija, na ninaishi katika kijiji kimoja juu kidogo ya Mgwashi, huku milima ya Usambara. Ninaandika haya nikiwa na akili timamu na hasira ambayo bado sijaimaliza. Nimeyapanga kama yalivyotokea, ili msije mkasema ni maneno ya mwanamke mwenye uchungu tu.

Uchungu ninao. Lakini niliyoyaona, niliyaona.

Mume wangu Shabani aliniachia kitu kimoja cha maana: shamba la bondeni. Huku kwetu wengi tunalima kwenye miteremko mikali, mvua ikizidi udongo unahamia kwa jirani wa chini. Shamba la bondeni, lenye mfereji wa maji pembeni, ni jambo jingine kabisa. Unavuna viazi, unapanda karoti, unavuna karoti, unapanda maharage. Mwaka mzima kuna kitu cha kupeleka sokoni.

Na shamba la marehemu lina sheria yake, ambayo haikuandikwa popote. Mjane akililima, ni lake na wanawe, hakuna wa kumgusa. Likilala, likaota magugu, ndugu wa mume huanza kupita pembeni wakilitazama... Kwa hiyo jembe kwangu halikuwa la chakula peke yake. Lilikuwa ndilo linalonishikia shamba!

Shabani alipofariki nilikaa eda. Mjane hatoki kwenda shambani wala sokoni mpaka muda wake uishe. Viazi vilikuwa vimechipua tu. Nilikaa ndani nikijiuliza, nani atavipalilia?

Aliyekuja ni jirani yangu, Mama Salimu. Ni mwanamke mwembamba, mchapakazi, na mdomo wake hauna breki. Alikuwa na jembe begani na mtoto mgongoni. Akafungua mbeleko, akamweka mtoto mapajani kwangu.

"Mama Hadija, wewe huruhusiwi kutoka, na huyu hataki kutembea," akasema. "Kaeni pamoja. Mimi nakwenda kukupalilia."

Baada yake walikuja wengine. Kila mmoja aliniachia mtoto, na kila mmoja akawa na siku yake ya kulima kwangu. Eda iliisha, lakini utaratibu ule haukuisha. Mimi nililea, wao walilima. Hakuna aliyemdai mwenzake, na hakuna aliyekaa chini kulizungumzia. Mambo kama hayo kwetu hayasemwi, yanafanywa tu.

Ilikuwa heri yetu... na ndilo shimo tulilokuja kutumbukia!

Niliishia kidato cha nne, na siwezi kukaa na watoto nikawatazama tu kama kuku. Barazani kwangu walihesabu kwa maharage. Walijenga nyumba kwa magunzi. Rangi walizijulia kwenye kanga zilizoanikwa kambani. Walijifunza kunawa, kupokezana, kusikiliza mwenzao akimaliza ndipo waseme wao. Mwalimu wa darasa la awali alianza kuuliza, hawa wasiolia mama zao wakiondoka wametoka wapi? Akaambiwa, wametoka kwa Mama Hadija.

Sifa zile zilishuka mlima, zikapanda mwingine, zikafika Lushoto mjini. Huko zikamkuta Mwanaidi.

Mwanaidi ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, yaani wifi yangu. Ni mama wa mjini, wa vikundi na semina, anayejua ofisi gani inafunguliwa na nani. Nilimheshimu kama mama mkwe. Sikuwahi kumpita bila shikamoo, wala kukaa kabla yeye hajakaa.

Alikuja asubuhi moja na mfuko wa pipi. Akasimama muda mrefu akiwatazama watoto. Kisha akaomba tushuke pamoja bondeni akaone shamba la mdogo wake. Tulishuka. Viazi vilikuwa vimetoa maua, shamba zima jeupe. Akauliza, unawezaje yote haya peke yako? Mimi, kwa fahari, nikamweleza kila kitu. Nikamtajia akina mama, nikamweleza kila mmoja ana siku yake.

Wasomaji, naomba mlishike hilo. Alijua!

Muda mfupi baadaye Mama Salimu alirudi kutoka shambani kwangu ameshika kijiti kifupi kilichofungwa kitambaa chekundu. Akasema viko vingine, vimechomekwa pembeni mwa matuta. Tukadhani ni wale wa kamati ya mfereji wanapima njia ya maji. Mama Salimu akacheka, akakitumia kumfungia mbuzi wake.

Laiti tungejua...

Mwanaidi aliporudi alikuwa na habari. Kuna shirika linatoa ruzuku kwa vikundi vinavyolea na kufundisha watoto wadogo, na linasaidia familia zao pia kwa mafunzo ya malezi. Amekwisha wapelekea jina langu. Wageni watakuja kuona. Nilifurahi mno! Niliota watoto wakipata uji wa uhakika na paa lisilovuja.

Kabla ya wageni kufika, wifi aliniita pembeni. Akaniambia suala la kulimiwa nisilitaje.

"Watu wa mashirika hawaelewi mambo yetu," alisema. "Wakisikia mama analima ndipo mwanawe alelewe, wataona mnawatumikisha maskini. Ruzuku itakwenda kijiji kingine. Wewe nyamaza, nitajibu mimi."

Niliona ana maarifa kuliko mimi. Nikakubali.

Siku yenyewe tulikaa uani kwangu, akina mama kwenye mkeka, wageni kwenye viti. Aliyeongoza alikuwa dada wa shirika kutoka Dar es Salaam, mpole, msikivu. Baada ya nyimbo za watoto akauliza swali lake: hawa kina mama wanamchangia nini mlezi?

Mwanaidi akasimama. "Hawatoi kitu," akasema. "Hawana uwezo. Huyu wifi yangu anajitolea tu kwa moyo wake. Angewaacha hivi hivi, nani angewaangalia watoto hawa?"

Nilitazama mkekani. Mama Salimu alikuwa na udongo miguuni, mbichi. Asubuhi ile ile alikuwa ameshika jembe shambani kwangu, akakatisha kazi ili awahi kikao. Alitazama miguu yake. Kisha akanitazama mimi.

Alikuwa anasubiri niseme neno moja.

Yule dada wa shirika naye akanigeukia, akaniuliza kama ndivyo. Nifanye nini? Nimkane dada mkubwa wa mume wangu mbele ya wageni, yeye amesimama na mimi nimekaa? Kwetu hilo halifanyiki. Niliinamisha kichwa. Wageni waliona unyenyekevu, wakapiga makofi. Akina mama waliona jambo jingine kabisa.

Ruzuku ilikuja. Baraza langu likapakwa rangi, ukutani akachorwa twiga anayecheka, mnyama ambaye hakuna mtoto wa mlima huu aliyewahi kumwona. Likaja kabati lenye midoli na vipande vya kujengea vya plastiki. Ufunguo ulikaa kwa Mwanaidi, ambaye sasa aliitwa mratibu. Vitu vile vilitoka siku za wageni, vikarudi ndani wageni wakiondoka. Siku nyingine zote watoto walichezea magunzi yao, wakilitazama kabati.

Mimi nilipewa fulana. Mshahara sikupewa. Mlezi ni mtu wa kujitolea, ndivyo shirika lilivyoelezwa, na ndivyo lilivyoandika.

Wiki ya kwanza ya mradi hakuna aliyekuja kulima. Nikadhani wamechoka. Wiki iliyofuata vilevile. Watoto waliletwa kama kawaida, tena wengi zaidi, maana sasa kulikuwa na uji. Mama zao waliwaacha getini, wakapita na majembe yao kwenda kwao.

Nilimfuata Mama Salimu kisimani nikamuuliza kulikoni. Alijaza ndoo yake kwanza, hana haraka.

"Wewe si una wafadhili siku hizi," akasema. "Waambie waje na majembe. Watapendeza wakiwa kwenye matuta na zile kofia zao."

Nilimwapia kwamba silipwi chochote. Akasema mratibu amewaambia nina mshahara mnono, ila nimeombwa nisiutangaze. Kisha akanyanyua ndoo, akaniacha na maneno ambayo hayajanitoka mpaka leo.

"Na sisi si hatutoi kitu? Miaka yote ile, Mama Hadija. Hatukuwahi kutoa kitu."

Nilikwenda kwa Mwanaidi nikilia. Akanifuta machozi kwa mkono wake mwenyewe! Akasema ni wivu wa wanawake wa kijijini, atalisawazisha kwenye kikao cha wazazi. Vikao vya wazazi vilikuwa sehemu ya mradi. Nilihudhuria vyote. Alifundisha baba kucheza na mwanawe, alifundisha kusikilizana ndani ya nyumba, alifundisha upendo wa familia mpaka watu wakasinzia. La kwangu hakuligusa hata mara moja.

Mtauliza, kwa nini sikushika jembe mwenyewe? Niwaache watoto wale na nani? Mradi ulitaka kituo kiwe wazi kila asubuhi, na watoto walikuwa wamejaa baraza na ua. Mratibu alikuwa akishuka kwenye gari bila taarifa kuhakikisha nipo. Jioni nilikimbilia bondeni, nikang'oa nilichoweza mpaka giza. Mikono miwili haiwezi kazi ya mikono ya kijiji.

Karoti zilimezwa na magugu. Siku ya kusafisha mfereji sikufika, na kwetu asiyesafisha mfereji hapewi zamu ya maji. Maharage yakakauka yakiwa na maganda matupu. Msimu uliofuata sikupanda kabisa...

Shamba likalala.

Hapo ndipo nilipomwona Mwanaidi akishuka bondeni na shemeji Athumani, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye mkuu wa ukoo. Walisimama pembeni ya magugu. Mwanaidi alikuwa ananyoosha mkono huku na huku. Nikiwa juu barazani na watoto nilijua wanachosema, ingawa sikusikia hata neno.

Kikao cha ukoo kiliitwa nyumbani kwa shemeji. Mwanaidi alieleza kwamba shirika liko tayari kujenga kituo cha kudumu, ila haliwezi kujenga uani kwa mtu. Linataka ardhi iliyotolewa kwa ajili ya watoto. Akasema ukoo wetu una ardhi iliyolala, tuitoe, tupate thawabu na sifa.

Shemeji Athumani si mtu mbaya. Aliniuliza kwa sauti ya taratibu, shemeji, shamba la mdogo wangu limekushinda? Nikasema halikunishinda. Nikaeleza tangu eda, nikaeleza jinsi akina mama walivyokuwa wakilima nami nikilea, nikaeleza kilichowaondoa. Nikaomba wapewe nafasi ya kulima tena msimu mmoja tu, waone.

Aliita mashahidi. Mama Salimu akaja na wenzake, wakasimama mlangoni. Shemeji akamuuliza kama ni kweli walikuwa wakinilimia.

Nilimtazama. Mwanamke aliyeniwekea mwanawe mapajani nikiwa katika giza la maisha yangu!

"Sisi hatujawahi kumpa kitu," akasema. "Lilisemwa mbele ya wageni, na mwenyewe alikuwepo. Hakukataa."

Wakaondoka. Ndugu zangu, nimewahi kuzika mume. Lakini siku ile...

Mimi na binti yangu tulikuwa na haki yetu mle, kidini na kisheria. Nililisema. Mwanaidi akajibu kwamba hakuna anayemdhulumu yatima, maana kituo ni cha watoto wote, na Hadija ni mtoto. Tena, akasema, kitaitwa kwa jina la baba yake. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nani angebishana na jina la marehemu? Ukweli ni kwamba Hadija alikwisha vuka umri wa kituo, yuko shule ya msingi. Alichokuwa anakihitaji ni shamba.

Mafundi walifika kuchimba msingi. Nilishuka kung'oa viazi vichache vilivyojiotea, nisiviache vikafukiwa. Fundi mkuu, mzee mcheshi wa Mlalo, alinisalimia vizuri, akanipa pole kwa kazi. Kisha akatazama magugu akasikitika.

"Mama, safari ile mratibu alipotuleta kupima, hapa palikuwa na viazi vya kuvutia kweli, vimetoa maua," akasema. "Vipi, mlikosa mbegu?"

Nilimuuliza ni safari ipi hiyo. Akasema ile ya kwanza, kabla hata mradi haujaja. Walichomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu, ila sasa anaona vimeng'olewa.

Nilikaa chini kwenye udongo wangu. Kijiti chenye kitambaa chekundu! Mbuzi wa Mama Salimu alifungwa kwenye hukumu yangu, na sisi tukacheka!

Basi kila kitu kilinijia kwa mpango wake. Alilitaka shamba lile tangu siku tuliposhuka naye. Alijua halichukuliki likiwa linalimwa. Alijua nani wanalilima, maana nilimtajia mwenyewe. Alihitaji kuondoa majembe, basi. Na akayaondoa yote kwa sentensi moja, huku amesimama uani kwangu, akinisifu.

Nilimkabili siku hiyo hiyo, pale pale kwenye msingi. Nilisahau shikamoo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikamwambia, ulilipima shamba langu viazi vikiwa na maua.

Hakushtuka. Alirekebisha mtandio wake.

"Lilikuwa la mdogo wangu kabla ya kuwa lako," akasema. "Sasa ni la watoto. Unataka kugombana na watoto?"

Nilimpigia simu yule dada wa shirika. Alisikitika kwa dhati, nilimsikia. Aliniuliza kwa nini sikusema siku ile aliponigeukia na swali lake. Na mimi sikuwa na jibu analoweza kulielewa mtu wa Dar. Akasema ardhi ilitolewa na ukoo mbele ya viongozi wa kijiji, na ugomvi wa familia shirika haliwezi kuuingilia.

Ugomvi wa familia... Mradi wao ulikuwa wa kusaidia familia!

Kituo kilisimama. Mwanaidi ndiye mkuu wake, na nyumba yake ya kufikia imejengwa kwenye kona ile nilipokuwa naotesha miche ya kabichi. Aliniletea ujumbe kwamba naweza kuajiriwa kupika uji. Nikapike uji kwenye shamba langu, chini ya bango lenye jina la mume wangu? Nilimjibu kwamba nitakula majani kwanza.

Sasa nachuma chai kama kibarua upande wa Bumbuli. Natoka alfajiri na kikapu, narudi miguu imelowa ukungu. Hadija akitoka shule anapita karibu na kituo. Husoma jina la baba yake kwenye bango, anakuja nyumbani, haulizi kitu. Afadhali angeuliza.

Na ruzuku? Muda wake ulikwisha, kama zinavyokwisha zote. Uji ulikwisha kwanza. Kisha Mwanaidi akaanza kuwataka wazazi walipie, na wasioweza wakaambiwa wabaki na watoto wao. Wakarudi kuwabeba mgongoni kwenye miteremko, kama zamani.

Jumapili moja sikuwa na zamu ya chai. Mlango uligongwa. Alikuwa Mama Salimu, na kitinda mimba wake mgongoni. Alipangusa udongo miguuni hapo kizingitini. Kisha akasema walidanganywa kuhusu ule mshahara, na amekwisha jua. Akasema yeye na wenzake wako tayari kurudi kwenye utaratibu wetu.

Akafungua mbeleko.

"Nikuachie huyu," akasema, "mimi nichukue jembe."

Nilimtazama yule mtoto. Alikuwa ananinyooshea mikono, hajui lolote.

"Utanilimia wapi, Mama Salimu?" nikamuuliza.

Alimfunga mtoto mgongoni tena, taratibu, kama mtu anayefunga mzigo wa mwingine, akashuka njia ile ile ya bondeni, akapita kando ya bango.

Wasomaji wenzangu, msiniombe nimsamehe Mwanaidi. Wengi wameniomba, hata shemeji Athumani ambaye sasa anaona haya kunitazama. Siwezi, na sitajifanya kwamba naweza.

Ila nawaomba ninyi jambo moja. Wakija kwenu wageni wenye ruzuku, wapokeeni, watoto wanahitaji. Lakini kabla gari lao halijafika, kaeni mkekani mseme kwa midomo yenu nani anampa nani nini. Lile mnalolifanya bila kulisema, lisemeni! Msikubali lifichwe ili mpendeze. Na mtu akisimama kujibu kwa niaba yako, hata awe dada wa mume wako, hata awe nani, akisema uongo juu ya jirani zako, inua kichwa ukatae hapo hapo. Mtaitwa wakosefu wa adabu. Uitwe hivyo, dada yangu, na ubaki na shamba lako.

Mimi nililinda adabu yangu. Mvua za mwaka huu zimekuwa nzuri, bonde zima limepandwa viazi na vimetoa maua meupe kando ya mfereji mzima, isipokuwa pale katikati kwenye bati jekundu la kituo.